Kuomba Pamoja Mwaka Mzima

Somo: Matendo ya Mitume 12:1-17

Kama chai yako iko mezani, kunywa huku ukisikiliza. Kama Biblia i karibu, fungua Matendo ya Mitume, mlango wa 12.

Habari yenyewe waijua. Herode amekwisha kumwua Yakobo kwa upanga, na sasa amemkamata Petro. Amemtia gerezani chini ya ulinzi wa askari kumi na sita, wanne wanne kwa zamu. Kanisa la Yerusalemu halina jeshi, wala halina mtu mkubwa serikalini wa kulisemea. Basi likafanya lile liliwezalo. Watu wengi walikusanyika usiku katika nyumba ya mama mmoja, Mariamu, mama yake Marko, wakaomba.

Petro alitolewa na malaika, akaja, akabisha mlangoni. Msichana Roda aliitambua sauti yake, na kwa furaha akasahau kufungua! Alikimbia ndani kuwapasha habari. Nao, watu wale wale waliokuwa wakimwombea Petro, wakamwambia kwamba amerukwa na akili. Nafurahi sana kwamba Luka hakuificha sehemu hiyo. Yaonekana imani yao ilikuwa ndogo kuliko maombi yao. Lakini walikuwa wamekuja. Na angalia jambo jingine, ndugu yangu, ambalo mimi nilisoma mlango huu miaka mingi kabla ya kuliona. Petro alipojikuta barabarani usiku wa manane, hakuuliza mtu ndugu wako wapi. Alijua nyumba.

Wengi wetu twasema, "Mimi huomba nyumbani kwangu, yatosha." Ni vyema. Bwana mwenyewe alitufundisha kuingia chumbani na kufunga mlango. Lakini yeye yule alisema habari za wawili au watatu wanaokusanyika kwa jina lake. Hatuwezi kuchagua fundisho moja na kuliacha la pili kwa sababu la pili lina taabu ya kutembea na kukaa na watu tusiowapenda.

Niwaambie habari ya soko moja dogo nilikohudumu zamani. Palikuwa na makanisa manne yakitazamana kama maduka. Jumapili kila kanisa lilielekeza kipaza sauti chake kwa jirani. Siku moja sisi viongozi tuliona haya, tukaazimia kuomba pamoja kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, saa kumi jioni, chini ya mti uliokuwa kando ya shule. Mwezi wa kwanza watu walikuwa wengi. Wa pili walizidi, hata wengine wakaketi kwenye nyasi. Mwezi wa nne mtu mmoja alisimama akasema si vizuri kumwendea Bwana mikono mitupu, basi tukachanga sadaka.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Fedha zile ziwekwe na kanisa gani? Nani atie sahihi? Zilikuwa shilingi chache tu, hazikutosha kununua hata gunia mbili za mahindi. Nami sitajificha nyuma ya wengine. Nilisimama mbele ya watu nikasema kwamba viti vyote vilitoka katika kanisa langu, kwa hiyo ni haki fedha zikae kwetu. Mwezi wa tano walikuja watu kumi na wawili. Mwezi wa sita nilifika nikamkuta bibi kizee mmoja peke yake, wala hakuwa wa kanisa langu. Aliketi kwenye jiwe, fimbo yake magotini. Akaniuliza, "Mchungaji, hawa wengine wamekufa?"

Nikasema, "Hapana, nyanya, wako nyumbani."

"Basi tuwaombee," akasema.

Tukaomba sisi wawili. Tangu siku ile aliendelea kuja, nikiwapo nisipokuwapo.

Magomvi ya namna hii si mageni katika kanisa. Mwaka 1727, katika kijiji cha Herrnhut huko Saksonia, Ujerumani, walikaa wakimbizi wa Kiprotestanti waliohama Moravia kwa sababu ya mateso, pamoja na watu wengine wa mapokeo mbalimbali. Walikuwa wamepewa ardhi na mtu mkubwa aitwaye Zinzendorf. Ungefikiri waliokimbia mateso pamoja wangependana. Sivyo. Waligombana juu ya mafundisho na juu ya utaratibu wa ibada, mpaka ikambidi Zinzendorf kuwatembelea nyumba kwa nyumba. Mwezi wa Mei walikubaliana kanuni za kuishi pamoja. Tarehe 13 Agosti walikwenda pamoja kwenye Meza ya Bwana, katika kanisa la Berthelsdorf, na huko wakapatana kwa machozi.

Sasa, sisi tungeishia hapo. Tungepiga picha na kurudi nyumbani. Wao, majuma mawili baadaye, walipanga zamu: wanaume 24 na wanawake 24 wakagawana saa za mchana na usiku, ili isiwepo saa moja bila mtu wa kuomba. Zamu hiyo iliendelea kwa zaidi ya miaka mia moja! Waliofariki, nafasi zao zilishikwa na wengine. Mwaka 1732 kijiji hicho kidogo kilituma wamisionari wake wa kwanza, wakaenda kisiwa cha St. Thomas katika bahari ya Karibi, kwa watu waliokuwa watumwa. Na mwaka 1891 Wamoravia walifika Rungwe, katika nchi iitwayo leo Tanzania, ndiyo maana kuna jirani zetu wengi huko wanaojiita kwa jina hilo.

Labda utasema, mkutano wa maombi ukifa, hasara ni nini? Watu watasali makanisani mwao. Ndugu zangu, nchi yetu iliiona hasara hiyo. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa moja huko Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto likiwa na watu waliokuwa wamekimbilia humo kuokoa maisha. Wengi wa waliokufa walikuwa akina mama na watoto. Mwaka ule wa uchaguzi hatukukosa maombi. Tulikesha, tulifunga. Lakini mara nyingi kila mtu aliomba na watu wake, akimwombea mtu wake. Mwezi wa Februari 2008, Baraza la Kitaifa la Makanisa Kenya lilikiri hadharani kwamba viongozi wa kanisa waliegemea pande, wakashindwa kusema kwa sauti moja. Sikulaumu kukiri huko, kulihitaji ujasiri. Nasema tu kwamba mtu uliyepiga magoti naye Januari, Machi, Juni na Oktoba, ukalisikia jina la mtoto wake mgonjwa, ni vigumu kuambiwa Desemba kwamba ni adui yako ukakubali upesi.

Tena hatuna haja ya kubuni siku mpya. Januari kuna juma la maombi, ambalo habari zake zatoka mbali: wamisionari waliokuwa Ludhiana, India, waliwaita Wakristo wa kila nchi watenge juma moja la mwezi huo mwaka 1860, na Muungano wa Kiinjili wa London ukaueneza mwito huo. Kuanzia tarehe 18 hadi 25 ya mwezi huo huo ni juma la kuombea umoja wa Wakristo, lililoanza Marekani mwaka 1908. Kwa mwaka 2024 matayarisho yake yalianzia kwa Wakristo wa Burkina Faso, watu waliojua vizuri maana ya kuomba katika nchi yenye hatari.

Kisha Ijumaa ya kwanza ya Machi ni Siku ya Maombi ya Dunia. Hii nataka niitaje kwa heshima, maana ni kazi ya akina mama. Mwaka 1887 mama mmoja wa Kipresbiteri huko Marekani, Mary James, aliwaita wanawake watenge siku ya kuomba. Kufika mwaka 1927 siku hiyo ilikuwa imekuwa ya dunia nzima. Kila mwaka akina mama wa nchi moja huandika ibada, na wengine wote huifuata, kuanzia visiwa vya Pasifiki jua linapochomoza hadi jua litakapotua upande wa pili. Mwaka 1991 ilikuwa zamu ya akina mama wa Kenya. Mwaka 2020 ilikuwa Zimbabwe, 2024 Palestina, 2026 Nigeria. Na wanaume je? Nimewaona wakiwasindikiza wake zao hadi mlango wa kanisa, kisha wakageuka kwenda kusoma gazeti. Hakuna aliyetuzuia kuingia.

Zipo pia siku kumi kati ya Kupaa na Pentekoste, ambazo mitume walizitumia kuomba kwa moyo mmoja pamoja na akina mama na ndugu zake Bwana. Kuna wakati wa kupanda, na wakati wa mitihani ya watoto mwishoni mwa mwaka, na mkesha wa tarehe 31 Desemba. Jazeni miezi iliyobaki kwa mahitaji ya mahali penu.

Nirudi kwenye ule mti. Mwaka uliofuata mvua ya masika ilikosa. Watu waliogopa, na kwa hofu hiyo wakakumbuka Ijumaa ya kwanza. Walipofika walimkuta nyanya yule kwenye jiwe lake. Hakumkaripia mtu. Alisogea tu ili mwingine apate kuketi.

Sitakudanganya kwamba tuliomba asubuhi mvua ikanyesha jioni. Ilichelewa, na wengine hawakuvuna kitu. Lakini kwa kuwa tuliombeana kwa majina, tulijua ni nyumba ipi haijapika tangu juzi. Ghala ya kanisa moja ililisha watu wa kanisa jingine, na hakuna aliyeuliza karatasi ya ubatizo. Sadaka hatukuchanga tena chini ya mti. Mwenye kutoa alitoa kanisani mwake. Kila kanisa liliongoza kwa zamu, saa moja tu, wala hatukumpa mgeni mwenye cheo nafasi ya kuhutubu. Mwalimu mmoja wa shule alishika daftari, upande huu tuliyoomba, upande huu yaliyojibiwa, na tarehe. Kurasa nyingine upande wa pili ulibaki mtupu. Tuliyasoma hayo pia kila mwezi, tukayaomba tena.

Basi, wewe mzee wa kanisa unayenisikiliza, juma hili nenda kwa jirani yako wa kanisa lile jingine. Usipeleke barua. Nenda mwenyewe, ukaulize Ijumaa ipi inafaa.

Tuombe. Ee Bwana, twakiri kwamba tumegombania viti. Wakumbuke wote wanaokuja kuomba na kukuta hakuna mtu. Mpe kila msikilizaji jina la jirani mmoja, na miguu ya kumwendea. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.