Pesa Zimefika, Ninyi Je?



Sisi tuliozaliwa Takaungu na kwenda Mombasa kutafuta riziki twakumbuka jinsi tulivyowatunza wazazi wetu zamani. Mwisho wa mwezi tulipanda matatu tukiwa na unga na sukari, tukashuka kwenye barabara kuu, kisha tukateremka mpaka nyumbani. Asiyeweza kwenda alimpa dereva bahasha, akamwomba Mungu ifike.

Ndipo M-Pesa ikaanza, mwezi wa Machi mwaka 2007. Ilipojaribiwa mwaka 2005, nia yake ilikuwa kuwawezesha wakopaji kulipa mikopo midogo kwa simu. Lakini waliopewa kuijaribu wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao. Wenye kampuni walipoona hivyo, wakabadili mpango wao. Basi, si simu iliyotufundisha kuwakumbuka wazazi. Desturi hiyo tulikuwa nayo, nayo simu ikaifuata.

Lakini chombo nacho humgeuza mwenye kukitumia. Tulipoweza kutuma fedha tukiwa tumeketi, safari zikapungua. Siku moja tulimpigia mama yetu simu kumwuliza kama amezipata. Akajibu, "Pesa zimefika, wanangu. Ninyi je, mtafika lini?" Tukanyamaza. Tukahesabu miezi tangu tulipomwona: ilikuwa minane.

Mtume Yohana alikuwa na karatasi na wino, vyombo vya kupelekea habari vya siku zake, naye alivitumia. Hata hivyo, mwishoni mwa Waraka wake wa Pili aliyaacha mengi bila kuyaandika, kwa kuwa alitaka kwenda mwenyewe. Alijua kwamba kuna furaha isiyoweza kutiwa ndani ya barua. Mungu naye hakutosheka kutuletea maneno kwa vinywa vya manabii. Alikuja kwetu katika Mwanawe.

Hatusemi simu itupwe. Usiku wa ugonjwa, fedha zinazofika kwa dakika moja zaweza kuokoa maisha. Twasema hivi: ikiwa desturi zetu ziliweza kuipa simu kazi mpya, zaweza pia kuiwekea mpaka. Tutume, kisha twende.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe uliyekuja kwetu, utupe miguu ya kuwaendea wanaotungoja. Amina.