Umri wa Mnyama Porini na Ndani ya Uzio: Tembo, Simba na Faru wa Ukanda Wetu



Swali nililopewa ni fupi: mnyamapori akifungiwa, anaishi miaka mingi zaidi au anakufa mapema? Kwanza tujue kinachomuua huko porini. Anayeuawa na meno ya wenzake, njaa au kiangazi, uzio humwongezea umri. Anayeishi kwa kutembea mbali akiongozwa na mama na bibi zake, uzio humpunguzia.

Simba dume wa Serengeti akifika miaka 12 ni mzee sana, ilhali kwenye bustani za wanyama wapo waliovuka 20. Utafiti ulioanzishwa na George Schaller mwaka 1966, ukaendelezwa na Craig Packer kuanzia 1978, umeonyesha chanzo: dume hulitawala kundi miaka michache tu, kisha madume vijana humfukuza au kumuua, na watoto wake wadogo nao huuawa. Ndivyo alivyokufa Bob Junior, simba dume maarufu wa Serengeti, Machi 2023, mikononi mwa wapinzani wake. Duma ana hali mbaya zaidi. Kwenye mbuga za Serengeti, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti walikuta takribani mtoto mmoja kati ya 20 ndiye anayefikia kujitegemea; wengi waliuawa na simba. Basi haishangazi kwamba ulinganisho wa spishi 59 za mamalia, uliochapishwa mwaka 2016, ulikuta zaidi ya asilimia 80 zikiishi zaidi bustanini, hasa zile zenye maisha mafupi.

Tembo hayumo katika hesabu hiyo njema, na naomba tutulie hapa, maana wakulima wetu wa mpakani mwa hifadhi wanakesha mashambani kwa ajili yake, na wapo wanaosema kwa uchungu wa haki kabisa: wafungieni. Mwaka 2008 jarida la Science lilitoa matokeo haya: kati ya tembo majike wa Afrika waliozaliwa kwenye bustani za Ulaya, nusu walikufa kabla ya kutimiza miaka 17. Huko Amboseli, kwa jirani zetu wa Kenya, kwa vifo vya asili nusu walivuka miaka 56. Hata ukijumlisha waliouawa na binadamu, Amboseli bado ni karibu miaka 36.

Tazameni kinywa chake. Tembo hupewa seti sita za magego maishani. Moja ikisagika, nyingine husogea mbele kuchukua nafasi. Ya sita ikiisha, akikaribia miaka 60, hushindwa kutafuna, na mara nyingi humalizia siku zake kwenye vinamasi penye majani laini. Anayekufa na miaka 17 bado ana magego ya akiba ambayo hajayagusa. Wa bustanini huandamwa na unene, vidonda vya miguu kwa kusimama kwenye sakafu ngumu, na msongo wa kuhamishwa mbali na mama yake.

Faru ana habari ya katikati. Fausta wa Ngorongoro alifariki Desemba 2019 akikadiriwa kuwa na miaka 57, na karibu maisha yake yote alikuwa huru. Alitiwa uzioni mwaka 2016 tu, fisi walipomjeruhi na macho kufifia. Lakini George, mmoja wa faru watano waliorejeshwa Serengeti kutoka Afrika Kusini Mei 2010, aliuawa na majangili Desemba mwaka huohuo. Kwa faru, ulinzi wa askari una uzito zaidi kuliko waya.

Sheria yetu inaruhusu kufuga wanyamapori kwa kibali. Maombi ya namna hiyo yakifika kwenye vijiji na halmashauri zetu, nawaomba msikubali kabla ya kupata majibu matatu: eneo lina ukubwa gani, mnyama huyo atakuwa na nani wa damu yake, na wenzake waliofugwa walikufa na umri gani. Kwa tembo, msimamo wangu ni kwamba tusifunge. Fedha ambazo zingejenga uzio ziende kwenye kulinda mashamba, kulipa kifuta jasho kwa wakati na kuacha mapito yake wazi.