Tonge Likikwama, Usingoje Idi

(Mawaidha kwa vijana baada ya swala ya Alasiri)



Ndugu zangu na dada zangu, leo sitazungumzia fadhila za daku wala za kufuturu mapema, masheikh wetu wamekwisha kutueleza na Allah awalipe kheri. Nataka tuzungumze juu ya jambo tunalolifanya mara nyingi mno kila siku bila kulifikiria, nalo ni kumeza. Wewe unayesoma, hebu meza mate sasa hivi. Yameshuka? Sema alhamdulillahi. Kuna wenzetu ambao Magharibi ya leo watatia tende mdomoni na itawakwama kifuani.

Chakula kikitoka kooni hupita katika mrija uitwao umio, ambao kwa mtu mzima una urefu wa kama sentimita 25, ndipo kifike tumboni. Mrija huu hutanuka, na ndiyo sababu ukianza kuziba kidogo kidogo mwenyewe hujui. Ikifika nafasi imebaki chini ya milimita 13 hivi, chakula kigumu hukwama karibu kila mara. Kwa hivyo siku nyama inapokukwama si lazima iwe ndiyo siku ya kwanza ya ugonjwa. Huenda ugonjwa umekaa ndani kitambo.

Sasa tazama tunavyofanya. Nyama ikikwama, mtu anaacha nyama. Mahamri yakikwama, anayachovya kwenye chai. Baadaye ni uji tu, kisha uji mwepesi, kisha maji. Kila hatua anasema, "Sasa afadhali." Afadhali gani? Ni yeye anarudi nyuma na maradhi yanasonga mbele! Na mwezi huu unamsitiri zaidi. Mchana hakuna anayemtazamia ale. Jioni uji uko mkekani, akinywa bakuli moja na kuinuka hakuna anayeuliza. Akikonda, watu wanasema ni saumu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua, na hawakukosea.

Sikutishi, ndugu yangu. Si kila kukwama ni saratani. Kiungulia cha miaka mingi huweza kuunguza umio mpaka ukaota kovu na kuwa mwembamba. Kiharusi huweza kuharibu kumeza kwa siku moja. Mtu ambaye kinga yake ya mwili imepungua huweza kuota utando mweupe mpaka ndani ya umio. Mtoto aliyekunywa asidi ya betri huweza kupona, kisha njia ikaja kuziba baadaye. Na sisi tunaofunga tuna letu: unameza kidonge dakika ya mwisho ya daku kwa funda moja la maji, halafu unajilaza. Kuna vidonge, doksisaiklini kwa mfano, ambavyo vikigota njiani hutoboa kidonda. Meza kwa maji ya kutosha na ukae wima kama nusu saa. Yote haya yana tiba, na kila moja lina tiba yake, manake huwezi kutibu kwa kubahatisha.

Lakini saratani ya umio nayo tusiikimbie kwa jina. Ni miongoni mwa saratani zinazoua watu wengi hapa Kenya, na upande huu wa Afrika, kuanzia Ethiopia mpaka Afrika Kusini, umejulikana kwa ugonjwa huo. Wala usiseme ni ya wazee. Katika hospitali ya Tenwek, kule Bomet, tangu miaka ya 1990 wameonekana wagonjwa ambao hawakuwa wametimiza miaka 30. Hao ni rika letu.

Sigara, ugoro na pombe huongeza hatari. Na chai je? Chai yenyewe haina ubaya, ubaya ni moto wake. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitaja vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 kuwa huenda vikasababisha saratani ya umio. Huko Golestan, Irani, watu 50,045 walifuatiliwa kwa miaka kama 10. Matokeo yaliyotoka 2019 yalionyesha kwamba waliokunywa zaidi ya mililita 700 za chai kwa siku, ikiwa na nyuzi 60 au zaidi, hatari yao ilikuwa kubwa kwa asilimia 90 kuliko waliokunywa kidogo na ikiwa imepoa. Basi ukishafuturu, iache chai dakika chache ipoe. Haikimbii.

Wapo watakaosema ni husuda, mpelekeni akasomewe. Asomewe, hakuna anayekataza dua. Lakini ikiwa hata kombe lenyewe halipiti, unangoja nini? Mtume (S.A.W.) alipoulizwa kuhusu kujitibu aliwaamuru watu wajitibu, na akafahamisha kuwa Allah hakuteremsha maradhi ila ameteremsha na dawa yake, isipokuwa uzee. Kusomewa na hospitali havigombani.

Basi ufanye nini? Ukiona chakula kinakwama tena na tena, nenda hospitali wiki hiyo hiyo. Mweleze daktari ilianza lini, kinachokwama ni kigumu au hata maji, unahisi kimesimama wapi, umepungua kilo ngapi, na kama unakohoa ukinywa au sauti imebadilika. Ukipewa dawa ya vidonda vya tumbo na hali ikabaki vile vile, rudi, usitosheke na chupa ya pili. Uliza juu ya kipimo cha kamera inayopitishwa mdomoni, au picha ya eksirei inayopigwa ukimeza dawa nyeupe ya bariamu. Gharama pia uliza mapema, na uwe umejisajili na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Njia iliyoziba huweza kutanuliwa, au kuwekwa kijimrija cha waya ili mgonjwa ale. Saratani ikiwahiwa, upasuaji na mionzi vinaweza kuiondoa. Ikichelewa, mara nyingi kinachobaki ni kupunguza taabu.

Asiyeweza kumeza hata mate, anayetapika damu, aliyekwamwa na mfupa, au aliyepinda uso na kushindwa kumeza ghafla, huyo apelekwe saa hiyo hiyo. Na ile tabia ya kuusukuma mwiba kwa tonge kavu tuiache, inaweza kuuzamisha zaidi.

"Nitaenda baada ya Idi." Neno hili ndilo ninalolihofia. Mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku zake baadaye, na asiyetarajiwa kupona ana fidia. Kipimo cha kamera chenyewe hutaka tumbo tupu masaa kadhaa. Kama kinafunguza au hakifunguzi, muulize sheikh wako, lakini usikiahirishe.

Basi leo Magharibi, kabla hujajaza sahani yako, mtazame babako, mamako, bibi yako, na jirani anayekaa peke yake. Nani ameacha nyama? Nani anakunywa uji tu? Muulize kwa upole, kisha asubuhi mshike mkono mwende pamoja.

Allah awape shifaa wagonjwa wetu na azikubali saumu zetu. Wabillahi tawfiq.