MSWADA NI UDONGO UNGALI MAJI

(Maandishi ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na walimu)



Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Chungu kikiwa kibichi, mfinyanzi hurekebisha shingo yake kwa kidole tu. Kikishachomwa, kasoro haiondoki ila kwa kukivunja. Ndivyo ulivyo mswada wa sheria. Ukiwa bado mbele ya Kamati ya Bunge, hoja moja iliyoandikwa vizuri na mwalimu wa kijijini yaweza kubadili kifungu. Ukishapitishwa na Rais akatia saini, kukibadili kifungu hicho hicho huhitaji mawakili, mahakama na miaka mingi.

Ushahidi upo katika Sheria ya Ndoa. Mwaka 1969 Serikali ilitoa Waraka Na. 1 wenye mapendekezo ya sheria moja ya ndoa kwa wakazi wote wa Tanzania Bara, bila kujali dini wala kabila, na wananchi wakaujadili. Mjadala ulikuwa mkali. Jambo lililozusha ubishi mkubwa lilikuwa pendekezo kwamba mume asioe mke mwingine bila ya idhini ya mke wa kwanza. Sheria iliyopitishwa mwaka 1971 haikulichukua pendekezo hilo kama lilivyoandikwa. Badala ya idhini, ilimpa mke haki ya kuweka pingamizi kwa sababu maalumu, mojawapo ikiwa ni kwamba uwezo wa mume ni mdogo na ndoa mpya italeta dhiki nyumbani. Mtu aweza kuyapenda au kutoyapenda mabadiliko hayo, lakini hawezi kukana kwamba waraka na sheria havikuwa kitu kimoja.

Hata hivyo, sheria hiyo ilizaliwa na kasoro. Kifungu cha 13 kiliweka umri wa kufunga ndoa kuwa miaka 18 kwa mwanamume na 15 kwa mwanamke, na mahakama ikapewa uwezo wa kumruhusu hata mwenye miaka 14. Aliyeguswa zaidi na kifungu hicho alikuwa mtoto wa shule, asiye na kura wala kiti barazani. Mtu aliyefaa kumsemea ni yule aliyemwona kila asubuhi akiitika jina lake darasani, kisha siku moja akaliita jina hilo na asipate jibu.

Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 13 na cha 17 vinapingana na Katiba, ikaelekeza Serikali ivirekebishe katika muda wa mwaka mmoja. Serikali ilikata rufani, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo. Hesabu ni rahisi: binti aliyeozwa akiwa na miaka 15 mwaka 1971 alikuwa ametimiza miaka 60 hukumu ya kwanza iliposomwa. Haki ilimkuta bibi.

Kinyume chake ni mjadala wa Katiba wa mwaka 1983. Mapendekezo yaliyotolewa na Halmashauri Kuu ya Taifa ya Chama Cha Mapinduzi hayakuwa na sehemu ya haki za binadamu. Katika mjadala huo sauti zilipazwa kuidai, na Sheria Na. 15 ya mwaka 1984 ikaiingiza katika Katiba. Vifungu vya sehemu hiyo hiyo ndivyo vilivyotumiwa mahakamani mwaka 2016 kumtetea mtoto wa kike. Kwa hiyo waliosema mwaka 1983 waliwasaidia watoto ambao hawajazaliwa.

Zipo sababu mbili zinazowafanya wasomi wanyamaze. Ya kwanza ni lugha. Kwa miaka mingi miswada iliandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, na mwananchi akaiona kuwa si mali yake. Lakini mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, na udhuru huo umepungua nguvu.

Ya pili ni woga. Mtumishi hudhani kwamba kutoa maoni juu ya mswada ni kuipinga Serikali inayomlipa mshahara. Huko ni kukosea. Ibara ya 21 ya Katiba humpa kila raia haki ya kushiriki kwa ukamilifu katika kufikia uamuzi juu ya mambo yanayomhusu. Siri za ofisi abaki nazo ofisini. Rai yake kama raia ni haki yake. Kamati inapoita maoni, haiombi makofi. Anayeona ufa akanyamaza kwa adabu hamsaidii mwenye nyumba.

Basi mswada ukichapishwa katika Gazeti la Serikali, usomwe. Mwenye maoni ataje namba ya kifungu, aeleze madhara aliyoyaona kazini kwake, kisha aandike maneno anayotaka yawekwe. Lawama za jumla hazimsaidii mjumbe wa Kamati. Mfano mmoja wa kweli humsaidia. Na mwalimu au bwana shamba asiishie kujisemea mwenyewe. Awasomee wazazi na wakulima, ayaandike wanayoyasema, ayapeleke kwa Mbunge na kwa Kamati kabla siku hazijapita.

Maji yakimwagika hayazoleki. Leo mswada bado ni udongo, na kidole chatosha.