Baada ya Jibu la Damu: Homa ya Ini B na Saratani ya Ini Kasulu na Kibondo



Mkulima wa Kasulu, mkoani Kigoma, anapofika hospitali tumbo limejaa maji, macho yamekuwa ya njano na nyama za mabegani zimekwisha, uvimbe umeshatawala ini. Kumbukumbu za wagonjwa wa saratani ya ini kutoka nchi kadhaa za Afrika, zilizochapishwa mwaka 2017, zilionyesha kwamba kusini mwa Sahara nusu yao walifariki ndani ya miezi 2 na nusu tangu kugunduliwa. Misri, ambako wengi hugunduliwa mapema na kutibiwa, muda huo ulikaribia miezi 11.

Husemwa kwamba ugonjwa huu unajificha. Sikubaliani. Mtu akichangia damu Kibondo, damu yake hupimwa homa ya ini B, inayoweza kuleta saratani hii, pamoja na VVU, homa ya ini C na kaswende. Ikionekana na kirusi cha homa ya ini B, inatupwa. Na mwenyewe je? Akibahatika kupewa jibu, anaambiwa aache pombe, anarudi shambani. Anajiona mzima, na huenda akaendelea kujiona mzima miaka ishirini. Hapo ndipo tunapompoteza, siku ile ile tuliyompata.

Wengi wa watu hawa waliambukizwa utotoni. Mtoto anayeambukizwa wakati wa kuzaliwa ana uwezekano wa takriban 9 kati ya 10 wa kubaki na kirusi. Mtu mzima, chini ya 1 kati ya 20. Chanjo iliingia katika ratiba ya watoto wetu mwaka 2002, kwa hiyo waliozaliwa kabla ya hapo, yaani wazazi wa leo, hawakuipata wakiwa wachanga. Kirusi hiki hujipachika ndani ya vinasaba vya seli za ini, ndiyo maana saratani huweza kuanza hata ini likiwa halijasinyaa. Mahindi na karanga zilizoota ukungu zikiongeza sumukuvu, hatari huzidi maradufu.

Kinachohitajika ni ultrasaundi kila baada ya miezi 6. Mpimaji anapaka jeli chini ya mbavu za kulia, anamwomba mtu avute pumzi na kuizuia ili ini lishuke, kisha analipitia taratibu akitafuta doa lisilofanana na jirani zake. Shanghai, katika utafiti wa watu karibu 19,000 uliochapishwa mwaka 2004, vifo vya saratani ya ini vilipungua kwa asilimia 37 kwa walioitwa kupimwa hivyo, pamoja na kipimo cha damu, ingawa wengi wao walikosa baadhi ya miadi. Uvimbe wa sentimita 2 unaweza kukatwa au kuunguzwa. Ila niseme wazi: kumpima mtu bila kumwandalia njia ya kufika kwa wapasuaji wa hospitali za Bugando au Muhimbili ni kumwongezea hofu tu.

Kuna jambo linaloniuma zaidi. Tenofovir, dawa inayokizuia kirusi hiki, imo katika dozi ya kawaida ya wanaoishi na VVU, na hutolewa bure kwenye kliniki zao, vijijini hata katika kambi za wakimbizi. Mwenye VVU na homa ya ini B anatibiwa yote mawili kwa kidonge kimoja. Mwenye homa ya ini B peke yake anaweza kupita mlangoni pa kliniki hiyo hiyo asipate kitu.

Ninaloomba ni daftari moja kwa kila wilaya, la raia na la wakimbizi wa Nyarugusu na Nduta bila kubagua, lenye tarehe ya kurudi na namba ya simu ya mhudumu wa afya wa kijiji atakayemfuata asiyerudi. Kila anayeandikwa, mama yake, ndugu zake wa tumbo moja na watoto wake wapimwe. Mjamzito mwenye kirusi aanzishiwe tenofovir kabla ya kujifungua, na mtoto wake achanjwe ndani ya saa 24. Chanjo ikisubiri wiki ya 6, inaweza kumkuta ameshaambukizwa.