Sonona na Ndoto za Wasanii katika Vichekesho vya Televisheni vya Marekani

Kanuni kongwe ya vichekesho vya mfululizo kwenye televisheni ni kwamba kila sehemu ikiisha, wahusika hurudi pale walipoanzia. Ugomvi husuluhishwa, uongo hufichuka, na wiki inayofuata hakuna anayekumbuka. Kanuni hiyo ilivifaa vituo: mtazamaji aliyekosa wiki mbili hakupotea njia, na sehemu za zamani ziliweza kurudiwa bila kufuata mpangilio. Ugonjwa wa akili haukupata nafasi humo, kwani sonona haiponi ndani ya dakika 22.

The Bob Newhart Show, iliyorushwa na CBS kuanzia 1972 hadi 1978, ilijaribu kuukaribia ugonjwa huo. Mhusika mkuu, Robert Hartley, ni mwanasaikolojia wa Chicago, na ofisi yake iliwaonyesha watazamaji kwamba kumwendea mtaalamu si aibu. Lakini mzaha uliwahitaji wagonjwa wabaki walivyo. Elliot Carlin, mlalamishi asiyeridhika na lolote, angepona asingekuwa na kazi tena kwenye kipindi. M*A*S*H, ya madaktari wa jeshi katika vita vya Korea, ilithubutu kumlaza Hawkeye Pierce, daktari mtani kuliko wote, katika wodi ya wagonjwa wa akili. Ilifanya hivyo katika sehemu ya mwisho kabisa, tarehe 28 Februari 1983, wakati hapakuwa tena na wiki inayofuata.

Kuvunjika moyo kwa msanii ni jambo jingine, ingawa mara nyingi huchanganywa na maradhi. Party Down, iliyoanza 2009 katika kituo cha Starz, inafuata wahudumu wa kampuni ya upishi wa sherehe mjini Los Angeles. Wanapitisha sinia za vitafunio wakiwa na tai za rangi ya waridi, na wengi wao ni waigizaji au watunzi wanaosubiri kuitwa. Mmoja wao, Henry Pollard, aliwahi kujulikana kwa sentensi moja tu katika tangazo la bia. Tangu hapo watu humtaka airudie, na kazi nyingine haipati. Hakuna anayetajiwa ugonjwa. Huzuni yao inatoka sokoni, na soko hilo hulisha matumaini kwa makombo ya hapa na pale ili yasife.

You're the Worst ya Stephen Falk (2014–2019) inayatenga mambo hayo mawili kwa makusudi. Aliyeshindwa ni Jimmy, mwandishi Mwingereza ambaye riwaya yake ya kwanza haikupata wasomaji. Anayeugua ni mpenzi wake Gretchen, mwenye kazi na wateja wake. Katika msimu wa pili, Gretchen anatoka kitandani usiku kwa siri kwenda kulia ndani ya gari. Jimmy anadhani mizaha na matembezi vitamtibu, na kila jaribio linamwelemea mwenzake zaidi. Kinachofaa kidogo ni pale anapomkuta amelala sakafuni, akamjengea kibanda cha mito na mashuka, kisha akajilaza humo naye. Misimu ya baadaye sonona inarudi.

Iliyochimba zaidi ni BoJack Horseman ya Raphael Bob-Waksberg, katuni ya watu wazima ya Netflix (2014–2020). BoJack ni farasi, nyota wa zamani wa kipindi cha kifamilia cha mtindo ule ule wa kale. Anaamini kwamba filamu kuhusu Secretariat, farasi wa mbio, ndiyo itakayomponya. Anaipata, anaikimbia katikati ya kazi, na watengenezaji wanaimalizia kwa sura yake iliyoundwa na kompyuta. Sifa zinapokuja, hazimhusu.

Sehemu moja ya 2017 inamsikilizisha mtazamaji sauti iliyomo kichwani mwa BoJack, ikimtukana tangu anapoamka, huku picha zikigeuka michoro ya mikwaruzo. Mwishoni kijana Hollyhock, anayedhaniwa kuwa binti yake, anamuuliza kama sauti ya namna hiyo huisha mtu akikua. BoJack anamjibu kwamba huisha. Ni uongo wa huruma, na kipindi hakiusahihishi.

Katika msimu wa mwisho zamu ni ya Diane Nguyen, mwandishi anayeanza kutumia dawa za sonona, akanenepa. Anataka kuandika insha nzito kuhusu utoto wake mchungu, hazitoki. Kinachotiririka ni hadithi ya watoto kuhusu msichana mpelelezi. Anachoogopa ni kwamba mateso yasipozaa kitabu, yatakuwa yamempata bure. Kipindi kinakubali kwamba ndivyo yalivyompata, na hapo kinaikataa imani ya siku nyingi kwamba uchungu ni karo ya kipaji.

Bado vipindi hivi vina upofu wao. Watunzi huandika juu ya watunzi, na BoJack ana fedha za kukaa miezi katika kituo cha matibabu ya uraibu. Tofauti naye, katika You're the Worst yumo Edgar, mwanajeshi wa zamani aliyeathirika akili kwa vita, ambaye mwaka 2016 alipewa sehemu nzima ya kwake. Anakwenda katika ofisi ya serikali inayohudumia wanajeshi wastaafu kuomba tiba, anabishana na mtumishi, na anatoka mikono mitupu.