Tuisusie au Tuzungumze Nayo?
(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Katika semina zetu swali hili hurudi kila mara: nchi ikiwatesa raia wake, je, wengine waendelee kufanya biashara nayo huku wakiisemesha polepole, ama waisusie kabisa? Wengi wetu hujibu upesi, "Isusiwe!" Haya, lakini gharama atalipa nani?

Tutazame Afrika Kusini wakati wa ubaguzi wa rangi. Mwaka 1977 mchungaji mweusi wa Marekani, Leon Sullivan, aliyekuwa katika bodi ya kampuni ya magari ya General Motors, aliandika masharti kwa makampuni ya Marekani yaliyokuwa huko. Weusi na weupe walipwe sawa kwa kazi sawa, wale chumba kimoja, watumie vyoo vilevile. Si jambo dogo hilo. Makampuni mengi yalitia sahihi. Lakini ukitoka nje ya lango la kiwanda, Mwafrika hakuwa na kura, na mpaka 1986 alitembea na kipande, kama wazee wetu enzi za mkoloni. Mwaka 1985 Sullivan akasema: miaka 2 tu. Ilipofika 1987 ubaguzi ungali upo, akayaambia makampuni yaondoke. Twaona alifanya vema kuweka tarehe. Mazungumzo yasiyo na tarehe ni kama mkopo usio na siku ya kurudishwa, na nyinyi mnaijua mikopo hiyo.

Wakubwa wengine wa ng'ambo walidai kwamba kususia kutawaumiza weusi wenyewe, watakosa kazi. Ni kweli, kuliuma. Ila walioomba ni haohao weusi: Chifu Albert Luthuli tangu 1959, na Askofu Desmond Tutu miaka ya 1980. Mwenye kuumia akisema yuko tayari, wewe uliye mbali utamkataza kwa huruma gani?

Huko Dublin, Ireland, Julai 1984, Mary Manning, msichana wa dukani, alikataa kumuuzia mteja mabalungi ya Afrika Kusini. Akasimamishwa kazi. Wenzake wakatoka naye, wakagoma karibu miaka 3, hadi serikali yao ikapiga marufuku matunda na mboga za huko mwaka 1987.

Nasi Kenya tulilipa. Mwaka 1976 wanariadha wetu hawakukimbia Olimpiki za Montreal, kwa kuwa timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini. Mike Boit, mshindi wa shaba ya mita 800 mwaka 1972, alikosa nafasi yake. New Zealand yenyewe ilishiriki! Lakini mwaka uliofuata viongozi wa Jumuiya ya Madola walikubaliana kupinga michezo na Afrika Kusini.

Mandela alipofunguliwa Februari 1990, hakutaka vikwazo viondolewe. Alingoja mpaka Septemba 1993, njia ya uchaguzi ilipokuwa imefunguka, ndipo akauomba Umoja wa Mataifa uviondoe. Katika kikao chenu kijacho jadilini hili: kama angeomba viondolewe siku ileile ya kutoka gerezani, sisi wa nje tungepaswa kufanya nini?